Nani anapima ekra ya simu yako? Historia fupi, kutoka Telecel hadi meza za Kadutu

Bukavu, mtaa wa Kadutu. – Juma lililopita mama mmoja anayeuza sambaza alirudi kwa mara ya tatu mbele ya meza ya fundi aliyembadilishia ekra ya simu. Nilikuwa nimekaa pale nikingoja simu yangu. Mama aliweka simu juu ya meza, akasema: "Papa, hii ekra iko inajiandika yenyewe. Jana nilikuwa nalipa mutu wa sambaza, naandika namba ya siri, yenyewe inaongeza zingine. Mara tatu. Sasa akaunti imefungwa, na feza za siku mbili ziko ndani."

Fundi hakufurahi. "Mama, si nilikutestia hapa hapa mbele yako? Ilikuwa inatumika muzuri."

"Ndiyo papa, hapa iko inatumika. Kwangu njo inakataa."

Watu waliokuwa karibu walianza kubishana. Wengine walisema mama ameiangusha, wengine walisema fundi ameweka kopi. Mimi niliondoka na swali moja: kati ya kiwanda, mchuuzi, fundi na mwenye simu, ni nani mwenye kazi ya kupima ekra kabla haijafungwa ndani ya simu? Na zamani ilikuwa namna gani? Nimejaribu kuifuata hadithi hii tangu mwanzo, maana wakaaji wengi wa mji wetu wamepoteza feza hapo, na wengi watapoteza tena.

Wakati ekra ilikuwa dirisha dogo

Simu ya mkononi iliingia katika nchi yetu mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1986, wakati nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, mhandisi Miko Rwayitare alianzisha kampuni ya Telecel mjini Kinshasa, moja ya mitandao ya kwanza kabisa ya simu za mkononi barani Afrika. Simu zile zilikuwa kubwa kama tofali, na bei yake ilihesabiwa kwa maelfu ya dola. Walioshika simu hiyo ni wakubwa wa serikali na matajiri. Ekra yake ilionyesha tarakimu za namba unayoita, basi. Kama tarakimu zinaonekana, ekra ni nzima.

Sisi huku Kivu tulingoja miaka mingi. Mitandao ya Celtel na Vodacom ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na simu zikaanza kushuka mpaka mikononi mwa raia wa kawaida. Ndipo tulipojua Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, na Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa kwa mamilioni duniani. Hakuna mtu wa umri wangu asiyekumbuka tochi ya ile 1100.

Ekra ya Nokia 3310 ilikuwa na nukta 84 kwa upana na 48 kwa urefu. Ukizidisha unapata nukta 4,032, na zote zina rangi moja tu. Fundi alifungua kifuniko, akalegeza visikurubu, akatoa ile ya zamani na kuweka nyingine. Gundi haikuhitajika. Kisha alibonyeza kitufe cha kuwasha. Kama mstari mmoja ulikosa, wewe mwenyewe uliuona. Kama wino mweusi ulitawanyika kwenye kona, uliuona. Hata mtoto angeweza kusema: hii mbovu, lete nyingine.

Ndiyo sababu wakati ule hatukusikia ugomvi mwingi juu ya ekra. Kupima ubora ilikuwa kazi ya macho, na macho kila mtu anayo. Vidole vilikuwa na kazi yao kwenye vitufe, mbali na ekra.

Kitu kilichotoka kwenye karoti

Ili kuelewa kilichobadilika, tuangalie kidogo kitu kilichomo ndani. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea huko Prague, Friedrich Reinitzer, alikuwa akichunguza dawa aliyoipata kutokana na karoti. Aliona kwamba ikipashwa moto, inayeyuka mara mbili: kwanza inakuwa uji wenye ukungu, kisha inakuwa maji safi. Ule uji wa katikati ulikuwa na tabia ya maji na tabia ya fuwele kwa pamoja. Wataalamu wakauita fuwele za majimaji.

Kwa miaka 80 hivi, watu hawakuona faida yake kubwa. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha kwamba fuwele hizo zikipewa umeme zinaweza kuandika tarakimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Basel nchini Uswisi na wengine wa Marekani waligundua namna ya kuzisokota ili zizuie mwanga au ziuache upite, na George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akapata dawa ambayo haikuharibika katika joto la kawaida. Hapo zikazaliwa saa za mkononi zenye tarakimu, mashine za kuhesabia, na baadaye ekra za simu.

Kumbuka jambo moja: fuwele hizi hazitoi mwanga. Kazi yake ni kama pazia. Nyuma yake lazima pawe na taa, na pazia likifungwa kabisa bado mwanga kidogo hupenya. Jambo hili dogo ndilo leo linalomsaidia fundi wa Kadutu kumkamata mchuuzi mwongo. Tutalirudia.

Siku kidole kilipochukua kazi ya vitufe

Wazo la kugusa kioo si la juzi. Mwaka 1965, Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha rada huko Malvern, aliandika juu ya ekra inayosikia kidole, kwa ajili ya waongozaji wa ndege. Mwaka 1994 kampuni ya IBM iliuza simu iliyoitwa Simon, isiyo na vitufe vya tarakimu, ambayo ulibonyeza kioo chake.

Huku kwetu, tulikutana na kugusa kupitia simu za Kichina za laini mbili, zenye spika kubwa na kijiti kidogo cha plastiki pembeni. Ekra zile zilikuwa na ngozi mbili za plastiki. Ukibonyeza, zinagusana na simu inajua ni wapi. Mafundi wetu, ambao kazi wameijifunza kwa Kifaransa cha mtaani, wakatofautisha vitu viwili: "afishere", sehemu inayoonyesha, na "taktili", sehemu inayosikia kidole. Zilikuwa zimeachana. Taktili ikipasuka, unanunua taktili peke yake kwa bei ndogo, na afishere inabaki. Simu yenyewe ilikuuliza ubonyeze alama za msalaba kwenye kona ili ijipange. Huo ulikuwa mtihani tayari: kama msalaba haukubali, taktili ni mbovu.

Kisha mwaka 2007 kampuni ya Apple ilitoa iPhone ya kwanza, na dunia nzima ikaiga. Ngozi laini za plastiki zikaondoka, kikaja kioo kigumu. Sasa hubonyezi, unagusa tu, na simu inasikia umeme mdogo wa kidole chako. Chini ya kioo kuna utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, unaopitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Utando huo, kwa kawaida, umetengenezwa kwa oksidi ya madini ya indiamu pamoja na oksidi ya bati, karibu sehemu tisa kwa moja.

Bati, ndugu msomaji. Ndilo linalotoka kwenye kasiterite, ile tunayoijua kwa magunia yaliyopita katika mji wetu miaka yote hii, kutoka machimbo ya majimbo yetu mawili ya Kivu, Bisie ya Walikale ikiwa mojawapo. Bati la dunia linatoka nchi nyingi, siwezi kusema lililo katika ekra yako limechimbwa kwetu. Lakini ni vizuri mtu anayelia juu ya ekra ajue kwamba kitu kinachosikia kidole chake ni ndugu wa kile ambacho vijana wetu wanakibeba mgongoni kushuka mlima.

Gundi ilipounganisha vyote

Badiliko lililotuumiza zaidi halikupigiwa kelele. Kuanzia karibu mwaka 2010, viwanda vilianza kubandika kioo, taktili na afishere kuwa kitu kimoja, kwa gundi safi kama maji. Picha ikapendeza, simu ikawa nyembamba. Mwaka 2012, katika iPhone 5, taktili iliingizwa ndani kabisa ya afishere. Toka hapo, mtu akiangusha simu na kioo cha juu tu kikapasuka, huku picha bado nzuri, mara nyingi analazimika kununua vyote vitatu.

Wakati huohuo ilikuja aina nyingine ya ekra. Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walikuwa wameonyesha utando unaotoa mwanga wenyewe ukipewa umeme, bila taa ya nyuma. Uzao wake ndio OLED. Samsung iliiweka katika Galaxy S ya mwaka 2010, na Apple katika iPhone X ya mwaka 2017. Ni ekra nzuri, na ni ghali.

Ekra ilipokuwa ghali, kopi ikapata soko. Huko Shenzhen, China, kwenye masoko ya Huaqiangbei, kulizaliwa biashara nzima. Wengine walinunua ekra zilizopasuka kutoka pande zote za dunia, wakatoa kioo kilichovunjika kwa joto, wakabandika kioo kipya juu ya afishere ileile ya kiwanda. Wengine walitengeneza ekra mpya kabisa za kuiga. Wengine, badala ya OLED ya bei kali, walitengeneza ekra ya fuwele yenye umbo lilelile na kuiingiza sokoni. Mizigo hiyo ikasafiri Guangzhou, Dubai, bandari za Afrika Mashariki, hadi kwenye maduka yetu.

Kwa hiyo neno "orijinali" likapoteza maana. Leo ukisimama mbele ya meza za Kadutu au Nyawera utasikia bei mbili au tatu kwa ekra moja ya simu moja. Ukiuliza tofauti, unaambiwa: "Hii orijinali, hii orijinali ya pili, hii kopi." Orijinali ya pili! Kama mtoto wa kwanza wa pili.

Ukweli ni kwamba kuna maswali mawili, na tunayachanganya. Swali la kwanza ni la asili: ekra imetoka wapi? Swali la pili ni la ubora: inafanya kazi sawasawa, na itadumu? Ekra iliyotolewa kwenye simu nyingine ina asili ya kiwanda, lakini inaweza kuwa imechoka na ina alama za picha za zamani. Ekra yenye kioo kipya juu ya afishere ya kiwanda si mpya, lakini inaweza kuishi miaka. Na ekra mpya ya kuiga, ndani ya mfuko wake unaong'aa, inaweza kufa baada ya juma mbili. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Vipimo vya viwanda na vipimo vya Kadutu

Viwanda vina sheria zao za kupima. Mwaka 2001 shirika la viwango la dunia, ISO, lilitoa kanuni namba 13406-2 juu ya ekra bapa, iliyogawanya ekra kwa madaraja kufuatana na nukta mbovu kwa kila nukta milioni moja. Daraja la kwanza halikuruhusu hata nukta moja mbovu. Daraja la pili liliruhusu nukta mbili zinazowaka daima na mbili zilizokufa. Mwaka 2008 kanuni hiyo iliachia nafasi kanuni mpya za mfululizo wa 9241.

Simu ya kawaida tunayoitumia leo, yenye nukta 720 kwa 1,600, ina nukta 1,152,000. Ilinganishe na zile 4,032 za Nokia 3310. Macho yaliyotosha zamani hayatoshi tena, na zaidi ya macho kuna kugusa, kuna mwanga, kuna umeme unaoliwa.

Mafundi wetu hawajasoma kanuni za ISO. Lakini kwa miaka mingi ya kuungua vidole wametengeneza kanuni zao, na nikiziangalia naona zina akili. Nimewaomba wazee wa kazi wanionyeshe.

Ya kwanza: kutesti kabla ya gundi. Unaunganisha waya bapa wa ekra mpya kwenye simu, unaiacha wazi juu ya meza, unawasha. Ekra iliyokwisha kubandikwa kwa gundi ya B-7000 ni vigumu kuitoa bila kuiumiza, na hakuna mchuuzi atakayeipokea tena.

Ya pili: rangi. Unaweka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Nyeupe inaonyesha madoa na vivuli, nyeusi inaonyesha nukta zinazowaka, na zile rangi tatu zinaonyesha zilizokufa. Katika simu nyingi za Samsung ukiandika *#0*# mahali pa kupigia, ukurasa wa vipimo hivyo unafunguka wenyewe.

Ya tatu: giza. Hapa tunarudi kwenye lile pazia. Ingia chini ya meza au funika simu kwa koti, weka picha nyeusi kabisa. Ekra ya OLED inazima, huoni kitu. Ekra ya fuwele inabaki na ukungu wa kijivu kwa sababu taa ya nyuma inapenya. Mtu akikuuzia ekra ya fuwele kwa bei ya OLED, giza litamsema.

Ya nne: kidole. Shika alama ya programu moja, uiburute polepole juu ya ekra nzima, kona zote, mstari kwa mstari, bila kuinua kidole. Ikianguka mahali fulani, hapo taktili imekufa.

Ya tano: simu yenyewe. Piga simu, iweke sikioni. Ekra lazima izime, na ukiiondoa iwake. Ekra nyingi za kuiga zinaziba kile kijicho kinachosikia sikio. Kama simu inasoma alama ya kidole chini ya kioo, jaribu: ekra ya fuwele iliyowekwa badala ya OLED haiwezi kuisoma. Angalia pia kimo. Ya kuiga mara nyingi ni nene, inasimama juu ya fremu kama mlango usiofunga.

Kiwanda kilipoweka shahidi wake

Wakati mafundi wa dunia walikuwa wakitafuta vipimo vyao, viwanda vikubwa vilitafuta njia nyingine: ekra ijitambulishe yenyewe. Ndani ya ekra mpya kuna chipu ndogo yenye namba. Simu inasoma namba, ikikuta si ile iliyozaliwa nayo, inasema.

Mwaka 2018, watu waliokuwa wamebadilisha ekra za iPhone 8 kwa mafundi wa nje waliamka na kukuta kugusa kumekufa baada ya kupokea toleo jipya la programu, iOS 11.3. Majuma machache baadaye Apple ilitoa marekebisho. Mwaka 2019, kuanzia iPhone 11, simu ilianza kuandika ujumbe kwamba haiwezi kuthibitisha kama ekra ni ya Apple.

Tena kuna kesi ya Norwe. Mwaka 2017 forodha ya huko ilikamata ekra 63 za iPhone zilizoagizwa kutoka Hong Kong na fundi mwenye duka dogo, Henrik Huseby. Ekra hizo zilikuwa zimetengenezwa upya, na alama za Apple zilikuwa zimefunikwa. Apple ilisema ni bidhaa bandia. Mwaka 2018 mahakama ya kwanza ilimpa fundi haki. Apple ilikata rufaa, ikashinda, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Norwe ikathibitisha ushindi wake.

Mimi sina haraka ya kulaumu upande mmoja. Ujumbe unaosema "ekra hii haijulikani" unaweza kumsaidia mnunuzi wa simu iliyotumika asidanganywe. Lakini angalia vizuri: chipu inajibu swali la asili tu. Haijui kama nukta ni nzima, kama mwanga unatosha, kama kugusa ni sahihi. Ekra nzuri iliyofanyiwa kazi kwa ustadi na kopi mbovu zote zinaitwa kwa jina moja: haijulikani.

Ulaya wameanza kusogea. Tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria yao mpya inadai viwanda viweke vipuri vya simu, pamoja na ekra, kwa miaka saba baada ya kuacha kuuza aina hiyo. Ni jambo jema, lakini sheria hiyo haivuki hadi Ruzizi.

Serikali yetu ilipima nini?

Mtu atauliza: sisi hatuna ofisi ya kupima? Tunayo. Office Congolais de Contrôle, OCC, ilianzishwa mwaka 1974, na kazi yake ni kupima ubora na uzito wa bidhaa zinazoingia na kutoka. Tena, mwaka 2020 tuliona RAM, yaani daftari la simu. Tuliambiwa itasaidia kupambana na simu bandia na simu zilizoibwa. Kila mtu anakumbuka namna ilivyokatwa kwenye unite zetu kidogo kidogo. Raia walipiga kelele nchi nzima, na mwaka 2022 ikafutwa.

Sitaki kufungua tena kidonda hicho. Nataka kuonyesha jambo moja tu. RAM ilitazama IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotambulisha simu. Namba hiyo inakaa kwenye ubao wa ndani wa simu. Simu inaweza kuwa halali kabisa kwenye daftari huku ekra yake ni kopi ya hatari. Tulilipia kupimwa, na kitu tunachokigusa kila dakika hakikuonekana kwenye kipimo chochote.

Na hatari hiyo si ndogo kama zamani. Katika siku za Nokia 1100, ekra mbovu ilikunyima kusoma ujumbe. Tangu mwaka 2012, M-Pesa ilipoingia nchini na huduma nyingine kama hiyo zikasambaa, ekra ndiyo mlango wa sanduku la feza. Mama wa sambaza hana benki nyingine. Taktili inapoongeza tarakimu, inamfungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

Mama alisema kweli, fundi alisema kweli

Nilirudi kwenye meza siku ya pili, maana swali halikuniacha. Fundi, na ninamsifu kwa hilo, hakumfukuza mama. Alifanya vipimo vyote mbele yake: rangi, giza, kidole kwenye kona zote. Simu ilipita. Mzee mmoja wa kazi, mwenye meza ya jirani, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Mama, wakati inajiandika, iko kwa umeme ama hapana?"

"Iko kwa umeme, papa. Kwangu umeme unakuja usiku, njo nashariji huku nafanya hesabu."

Wakachomeka sharja ya mama, ile ndogo nyepesi ya bei ndogo. Dakika moja haikupita: alama zikaanza kuruka, tarakimu zikajiandika. Wakaitoa, simu ikatulia. Wakachomeka sharja nzuri ya fundi, simu ikatulia. Hapo wote tukanyamaza.

Maelezo si ya uchawi. Taktili ya leo inasikia umeme mdogo sana wa kidole. Sharja mbaya inaleta umeme wenye kelele, na kelele hiyo inaingia kwenye kioo. Ekra iliyotengenezwa vizuri ina namna ya kuitofautisha kelele na kidole. Ya kuiga inashindwa, inadhani kuna vidole kumi. Fundi alitesti simu ikiwa haijachomekwa. Mama anaishi mahali ambapo umeme unakuja kwa zamu na kila mtu anatumia simu ikiwa imechomekwa. Ekra ilipimwa, lakini haikupimwa katika maisha ya mwenyewe.

Fundi alimbadilishia kwa ekra nyingine, mama akaongeza kidogo juu ya bei, na safari hii walitesti pamoja, na sharja ileile ya mama, kabla ya gundi. Akaunti yake ilifunguliwa baadaye, baada ya kupanga mstari mrefu na kitambulisho mkononi.

Hilo ndilo ninalolibeba kutoka katika historia hii. Zamani kipimo kilikuwa cha kila mtu. Kisha gundi ikakificha ndani, viwanda vikakiweka kwenye chipu, serikali ikakitafuta mahali kisipo. Lakini bado kuna dakika chache, ekra ikiwa wazi juu ya meza na waya wake umeunganishwa, ambapo wewe mwenye simu una haki yote. Usizikimbize. Njoo na sharja yako ya nyumbani. Omba nyeupe, omba nyeusi, buruta kidole, piga simu, chomeka umeme. Uliza: ni ya kiwanda, imetengenezwa upya, ama ya kuiga? Omba aandike jibu kwenye karatasi, pamoja na siku za garanti. Fundi mzuri hatakasirika. Kuuliza si ujinga.

Gundi ije baada ya hapo. Na feza zije baada ya gundi.